Kwa tanga mpaka Tchegera

Sisi wa Bukavu, kusini mwa ziwa Kivu, tumezoea kusema "volkano ya Goma", mji wa upande wa kaskazini. Ya kwao. Wao wana moto, sisi tuna matope. Wao wanajenga juu ya jiwe, sisi tunajenga juu ya udongo mwekundu ambao mvua ikikazana unateremka na nyumba zake hadi bondeni. Kila mji na mzigo wake. Nimeyasema hayo miaka mingi, na nimepanda kanoti rapide, boti ya kasi ya abiria, kwenda Goma bila kuona sababu ya kuyabadili, kwa sababu ndani ya kanoti rapide ziwa hulioni. Vioo vimejaa matone, video ya muziki inapiga kelele mbele, jirani yako amelala mdomo wazi, na saa chache baadaye watu wote wanasimama kwa pamoja kugombania mabegi. Mlima uwepo usiwepo, wewe unatafuta kiatu cha mtoto kilichopotea chini ya kiti.

Kwa tanga ni habari nyingine. Zile kilomita mia moja hivi za Kivu unazilipia moja moja, kwa jua, kwa kiu, kwa kusubiri, na zikiisha huwezi tena kudai kwamba Goma ni huko na Bukavu ni huku.

Nasimulia ya kiangazi cha 2019. Mwenye chombo ni fundi mbao mmoja kutoka Baraka, kule Fizi kando ya Tanganyika, aliyekimbilia Bukavu wakati wa vita na hakurudi tena. Mtaani anaitwa Papa Baraka, na jina amelikubali. Kazi yake ni milango, vitanda na majeneza, lakini ukikaa naye jioni maneno yake yote ni ya mashua. Kwao tanga ni kitu cha kila siku. Huku Kivu nimeona makasia, nimeona moteri. Tanga sikuwahi kuliona. Basi akaamua kulileta. Chombo alikiunda kwa mbao za libuyu, mlingoti ukawa wa mkaratusi, foromali, mti wa kubebea tanga, ya mianzi miwili iliyobanwa pamoja kwa vipande vya mpira, na tanga lenyewe alilishona kwa mkono kutokana na turubai la lori, buluu iliyopauka. Nyuma, ndani ya gunia, alificha injini ndogo.

"Ya nini tena, Papa?" nilimuuliza.

"Ya kuficha haya, Mwalimu. Tukikwama, watu wasituone tukilia."

Tulikuwa watatu: yeye, mimi, na mpwa wake, kijana ambaye watu wote wanamwita Petit, yaani mdogo, ingawa ananizidi kimo. Nilishikilia kwamba hatutoki bila jile za kuokolea, moja kwa kila mtu, na hapo ndipo Papa Baraka alipoona kwa mara ya kwanza kwamba mwalimu ana faida. Ziwa hili linaua watu wengi mno ambao wangepona kwa kipande cha sponji na kamba mbili. Sitaki kulizungumza hili kirefu. Anayekaa kandokando ya Kivu ana mtu wake aliyekwenda hivyo.

Njia yetu ya kwenda kisiwa cha Tchegera, kisha Goma, ilikuwa upande wa magharibi, kati ya pwani ya Kalehe na kisiwa cha Idjwi, ili tusiingie maji ya Rwanda. Mwezi wa saba upepo wa kusini unakuja vizuri, lakini haukai. Asubuhi ziwa ni bapa kabisa. Jua likipanda upepo unaamka, alasiri unakuwa na hasira, na jioni unakata ghafla, tanga linaanguka juu ya kichwa chako. Halafu usiku, ukiwa umeshakata tamaa, unashuka mwingine mwembamba na wa baridi kutoka milima ya Kalehe, unakupiga ubavuni. Papa Baraka alikuwa anausoma huo wa usiku kwa sikio. Aliniambia: "Upepo wa Tanganyika unatuma barua kwanza. Huu wa kwenu unapiga hodi ukiwa umeshakaa sebuleni."

Wavuvi walitucheka sana. Tulipita karibu na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, miti yake mirefu ya nyavu imetoka mbele na nyuma, watu wamelala wakisubiri usiku. Mmoja akainua kichwa akapaza sauti: "Papa, moteri imekufa?" Papa Baraka akamjibu kwamba moteri ni mzima, iko juu, haili mafuta. Wakacheka zaidi, lakini nao walitufuata kwa macho hadi mbali.

Kitu kilichomsumbua mzee ni mamba. Kwamba hawapo. Kule kwao mtoto hachoti maji bila kuangalia kulia na kushoto. Huku watu wanaoga hadi shingoni wakipiga soga. Aliniuliza siku ya kwanza, akaniuliza tena siku iliyofuata: ziwa kubwa hivi, la maji matamu, mbona halina mamba wala kiboko? Na samaki wake mbona ni wa kuhesabu? "Ziwa lisilo na mamba lina kitu kingine," alisema, kisha akatema mate majini, upande usio na upepo, kwa adabu.

Nilimweleza ninavyofahamu. Kivu ina kina cha mita 480 na zaidi. Chini huko, kuanzia kama mita 260, maji ni mazito, yana chumvichumvi, hayachanganyiki na ya juu, na ndani yake imefungiwa gesi: kama kilomita 300 za ujazo za kaboni dioksidi, na metani kama 60. Uzito wa maji ya juu ndio unaoizuia. Cameroon kuna ziwa dogo sana, Nyos, lilifunguka usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, kaboni dioksidi ikatiririka mabondeni na watu wapatao 1,700 wakafa wakiwa wengi wao vitandani, na ng'ombe wao nje. Kivu ni kubwa kuliko Nyos mara nyingi isiyosemeka. Wenzetu wa Rwanda wameanza kuitoa metani hiyo pale karibu na Kibuye na kuichoma iwe umeme. Sisi tunaisemea tu.

Papa Baraka alisikiliza mpaka mwisho akauliza swali moja: "Na nani aliitia humo?"

Idjwi tulilala, tukala mananasi, tukasukumwa huku na huku na watoto waliotaka kugusa tanga. Sina zaidi ya kusema juu ya usiku ule, isipokuwa kwamba Idjwi si kisiwa cha volkano, ingawa wageni hudhani hivyo. Ni mwamba wa zamani mno, ulikuwepo kabla ya ziwa. Maji ndiyo yaliyoukuta, yakauzunguka.

Tulipotoka Idjwi hatukuona kitu mbele. Kiangazi cha huku kina ukungu wa vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa; mchana milima inafutika. Nilikuwa nimewaahidi Petit na mjomba wake kwamba wataiona Nyiragongo, ndiyo hiyo volkano ya Goma, mita 3,470, na Nyamulagira pembeni yake, na nyuma Mikeno na Karisimbi, na tulichopata ni rangi ya maziwa kila upande. Petit alianza kunitazama kama mtu aliyeuziwa simu mbovu.

Giza lilipoingia ndipo ukaonekana. Mlima wenyewe hapana: wekundu tu, umesimama juu kidogo ya mahali ambapo ulidhani upeo wa maji umeishia. Miaka ile Nyiragongo ilikuwa na ziwa la lava ndani ya kreta, lile shimo la kileleni, limechemka humo miaka na miaka, na usiku mwanga wake ulipaka tumbo la mawingu. Haukutulia. Ulikuwa unafifia hadi unafikiri macho yamekudanganya, kisha unapanda tena, rangi ya chungwa, kisha damu. Kushoto kwake kulikuwa na mwingine hafifu zaidi, wa Nyamulagira. Na chini ya hiyo mianga miwili, juu ya maji, taa za wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, zilianza kuwashwa moja baada ya nyingine, na nyimbo zao za kupiga makasia zikaja kwetu zikikatikakatika, mara karibu, mara mbali, kadiri upepo ulivyogeuka.

Papa Baraka alizima dira yangu ya simu akanirudishia. Alifunga usukani kwa kamba kidogo, akaelekeza omo, pua ya chombo, kwenye ule wekundu mkubwa, akaniambia nilale. Sikulala. Nilishika demani mkononi, kamba inayozuia pembe ya tanga, na usiku kucha niliisikia ikivuta na kulegea, ikivuta na kulegea. Kuna saa fulani, kabla ya alfajiri, tanga lilinyamaza kabisa, na nikasikia maji yakigonga mbao za libuyu chini ya mgongo wangu, na nikakumbuka zile mita 480. Nilisogea karibu na jile.

Niliwahi kusikia kwamba ukikaribia volkano unanusa kiberiti. Mimi nilinusa makaa. Goma inapika asubuhi, na moshi wa jiko la makaa unakuja mpaka ziwani kukupokea kabla hujaona nyumba hata moja.

Tchegera iko kati ya Goma na Sake, karibu na pwani ya kaskazini. Ni sehemu ya Hifadhi ya Virunga, ile iliyoundwa mwaka 1925, kwa hiyo huendi kutia nanga tu kama unakwenda kwa shemeji. Tulikuwa tumeomba ruhusa mapema na kulipa. Kwenye ramani kisiwa kina umbo la mwezi mwandamo. Ukikifikia kwa maji unaelewa kwa nini: ni mdomo wa kreta. Mlima mzima wa volkano umezama, umebaki ukingo wake upande mmoja, na ghuba ambamo chombo chako kinaingia, ile iliyotulia, yenye maji ya kijani kibichi kisha meusi, ni koo lenyewe.

Tukaingia polepole, tanga limekunjwa nusu. Petit alikaa mbele na mwanzi mrefu wa kupimia. Pwani ya Bukavu, ukiwa umebaki na hatua thelathini, mwanzi unagusa tope. Hapa tulikuwa na hatua kumi na mwanzi ulikuwa unaelea. Akatupa nanga. Kamba ikaenda, ikaenda, ikafika kwenye fundo la mwisho, nanga inaning'inia bila kugusa kitu.

"Hapa hakuna chini," Petit alisema, na hakuwa anatania.

Papa Baraka hakujibu. Aliingia majini akiwa amevaa jile, akaogelea na kamba ya pili hadi kwenye mwamba, akaizungusha. Akaivuta kupima. Mawimbi mawili tu, madogo, na nyuzi za kamba zikaanza kukatika. Jiwe lile ni jeusi, limejaa matundu, na ukingo wa kila tundu ni wembe. Ilibidi Petit amrushie mpira wa ndani wa baiskeli, auchane, auvike kwenye kamba mahali inapogusa mwamba. Alipopanda juu viganja vyake vilikuwa vimechanika, na aliviangalia kwa mshangao wa mtu ambaye ameshika mbao na mawe maisha yake yote.

"Jiwe hili halijazeeka," alisema.

Hilo ndilo jambo ambalo kanoti rapide haikuniambia. Mwamba wa kwetu umesagika: umelala mvuani hadi ukawa udongo, udongo umeota mihogo, mihogo imelisha watu, na sasa udongo huohuo unateleza na nyumba zao. Huku jiwe bado lina kingo. Maji hayajapata muda wa kulilainisha. Na ukingo wa pwani ya kaskazini ni hivyo kila unapotazama: mwaka 1938 lava ya Nyamulagira ilifika ziwani upande wa Sake na kuziba karibu kabisa mdomo wa ghuba ya Kabuno. Leo maji ya Kabuno yana gesi karibu mno na juu, mita 12 hivi, kwa sababu hayachanganyiki na ziwa kubwa. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilikata Goma katikati, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaangusha kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikaingia ziwani na kuongeza kipande cha nchi ambacho asubuhi yake hakikuwepo. Kuna watu waliooa kabla ya jiwe hilo kuzaliwa.

Gadi wa hifadhi aliyetupokea alikuwa mtu wa Rutshuru, mpole, mwenye kuhesabu maneno. Alituonyesha mahali pa kukaa na mahali pa kutokaa. Bondeni kule, alisema, pale penye nyasi zilizokauka katikati ya nyasi mbichi, usimpeleke mtoto. Alikuwa anazungumzia mazuku: kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, inalala kwenye mashimo na mitaro, zaidi asubuhi kabla upepo haujaamka. Pwani yote ile kutoka Goma hadi Sake inayo. Mbuzi anateremka kunywa, hapandi tena. Mtu mzima aliyesimama anapita salama mahali ambapo mtoto, au mlevi aliyejilaza, hafiki kesho. Papa Baraka akanigeukia kwa uso wa mtu ambaye kesi yake imeshinda. Mamba wake walikuwa wamepatikana.

Mchana tulikaanga sambaza tuliowanunua usiku kutoka kwa wavuvi, mafuta kidogo, chumvi, pilipili. Mzee alimshika mmoja kwa mkia, akamgeuza juani. "Huyu ni wa kwetu." Na kweli ni wa kwao. Sambaza hawakuzaliwa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa mikono ya watu, kwa sababu mto Ruzizi unaounganisha maziwa hayo mawili una maporomoko ambayo samaki hawezi kuyapanda. Leo nusu ya akina mama wa bandari za Kituku na Muhanzi wanaishi kwa mgeni huyo.

Hapo ndipo nilipoanza kumjibu swali lake la tangu Idjwi, la nani alitia gesi humo, na jibu likanirudi mwenyewe. Zamani, maelfu ya miaka iliyopita, maji ya bonde hili yalikuwa yanakwenda kaskazini, kuelekea ziwa Edward na Nile. Volkano za Virunga zikainuka, zikaziba njia. Maji yakajaa nyuma ya ukuta huo, yakapanda, yakaizunguka Idjwi, yakaingia kila bonde la kusini (ndiyo hizo rasi za Bukavu tunazopigia picha za harusi) hadi yakapata mahali pa chini zaidi pa kumwagikia, yakatoka kama Ruzizi, kwenda Tanganyika. Kwa hiyo ziwa ni kazi ya volkano. Ruzizi ni kazi ya volkano. Na umeme wa Ruzizi, mtambo wa kwanza pale Mururu tangu mwisho wa miaka ya 1950, unaotuwakia saa mbili na kutuzimia saa kumi, nao unaanzia kwenye mlima ambao mimi nilikuwa naupa watu wa Goma kwa ukarimu.

"Basi hata Tanganyika inakunywa maji ya mlima huu," alisema Papa Baraka.

Inayanywa, kila saa.

Miaka miwili baadaye, tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipasuka tena, jioni, bila kuonya. Lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege, ziwa la moto mle kreta likakauka, kisha ardhi ikatetemeka siku mfululizo hadi serikali ikaamuru sehemu kubwa ya mji ihame. Wengi walikwenda Sake na Rwanda, na wengi walishuka kwa boti hadi kwetu. Nilikwenda bandarini na magodoro. Mama mmoja aliyeshuka na sufuria na redio aliniuliza kama hapa kwetu ni mbali vya kutosha. Kabla ya safari ile ningemjibu haraka. Nilimchukulia redio, tukapanda naye mlima wa Nguba, na nikamwambia kwamba angalau hapa lava haifiki.

Lakini nimeruka mbele. Kutoka Tchegera hadi Goma ni karibu, na asubuhi tulipoondoka ukungu ulikuwa umepasuka kwa nusu saa nzima. Nyiragongo ilikuwa pale, kubwa kuliko nilivyowahi kuiona, ina moshi wake wa kila siku umelala upande, na mji wote mweusi umekaa miguuni pake, mabati yanang'aa. Petit alisema neno moja la Kibembe ambalo mjomba wake alimkemea.

Kituku tuliingia kwa tanga lililo wazi lote, kwa sababu Papa Baraka hakukubali kuingia mjini kama mgonjwa. Kelele za soko zilipungua kidogo, kisha zikazidi. Wapagazi wakaja mbio wakidhani tumebeba saruji. Ebola ilikuwa imethibitishwa Goma mwezi huohuo, kwa hiyo kwanza ni kunawa kwa maji ya klorini, halafu kile kipima joto cha kuelekezwa kwenye paji la uso; Papa Baraka alisimama mbele yake wima, macho yamefumbwa. Halafu karani wa bandari na daftari lake.

Jina la chombo? Hakina. Kimetoka wapi? Bukavu. Abiria? Watatu. Mzigo? Mananasi, tanga, kamba moja iliyoharibika. Nguvu ya moteri?

"Haijatumika, mkubwa. Tumekuja kwa upepo."

Karani alitazama mstari kwenye fomu, akatutazama, akatazama mlingoti. Fomu ilikuwa na sehemu ya moteri na sehemu ya makasia, na bei zake tofauti. Alimwita mwenzake. Mwenzake akamwita mkubwa wao. Wakajadiliana hapo kwa Kiswahili na Kifaransa kama upepo ni moteri au ni kasia, na Petit akakaa juu ya gunia la injini asije mtu akaliona. Mwishoni mkubwa akaamua kwamba kitu kinachokwenda bila mtu kutoa jasho ni moteri, tulipe bei ya moteri.

Papa Baraka alilipa. Kisha akamwonyesha viganja vyake, akaomba arudishiwe nusu.